Mèche, dawa ya chupa na mama mkwe: tairi la nyuma liliponiangusha njia ya Mulungwishi

Wakuu, salamu kutoka Likasi.

Nimesubiri mke wangu aende sokoni ndiyo nikae kuandika hii kitu kwa utulivu, maana kila nikianza kuisimulia ananikatiza na kusimulia upande wa mama yake. Leo mtasikia upande wangu. Ni mambo yaliyonikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi, maana chumvi ilikuwemo tayari.

Uzi unahusu tairi za pikipiki. Kuna ile dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tairi ili izibe matundu yenyewe. Halafu kuna zile plug, sisi huku tunaziita mèche, vikamba vya mpira vyenye gundi unavyovisukuma kwenye tundu kwa sindano nene.

Ila unamhusu pia mama mkwe wangu. Nimejaribu kuvitenganisha, imeshindikana.

Kwa ndugu wa Dar, Mwanza na Nairobi: mimi ni mtu wa Panda, kwenye zile kambi za zamani za wafanyakazi wa mgodi. Kiswahili chetu si kama chenu. Mimi nitaandika cha kwenu ninavyokiweza, lakini watu nitawaacha waongee kama walivyoongea. Mkicheka, chekeni kwa adabu.

Twende.

Pikipiki yangu ina rim za alumini na tairi tubeless, maana yake hakuna tyubu ndani, upepo unashikwa na tairi lenyewe. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeinunua na nilikuwa naipenda kuliko inavyofaa mtu mzima kupenda chuma.

Kaka mkubwa wa mke wangu, Yaya Papy (yaya kwetu ni mkubwa wako, si wa kulea watoto), ana kibanda cha spea. Yeye ni mtume wa dawa ya chupa. Dawa yake ni ya kijani, nzito kama uji uliopoa, ina vinyuzinyuzi ndani. Ukimsikiliza Papy utadhani hiyo dawa inaponya tairi, mgongo na ndoa.

Mimi nilikuwa upande wa mèche. Nilikuwa na kit yangu kutoka Lubumbashi, kifuko kizuri cheusi chenye zipu: ndani kuna sindano, kekee ya mkono ya kusafishia tundu, gundi, wembe, na ufunguo mdogo wa kufungulia valvu. Nilikuwa nimeangalia video nyingi mno. Naweza kukuelezea kila hatua nikiwa nimefumba macho.

Kuifanya kwa mkono, hapana. Sikuwahi. Lakini hilo nilikuwa silitaji.

Papy alikuwa ananiita docteur. «Docteur, mugonjwa iko wapi leo?» Mimi namwambia dawa yako ni uji, mpe mtoto anywe.

Sasa wiki moja tairi langu la nyuma likawa linapungua upepo taratibu. Asubuhi unajaza, jioni limelegea. Nikasema Jumamosi nitatoa kit yangu, nitatafuta tundu kwa maji ya sabuni, nitaonyesha watu ufundi.

Papy hakungoja Jumamosi. Alikuja kutusalimia, mimi nimo ndani nakunywa chai, yeye nje akafungua valvu akamimina chupa nzima. Halafu akafungua ya pili. Nikatoka nikamkuta anazungusha gurudumu kama mtu anayesonga bukari, ugali wetu.

«Papy, unafanya nini kwa moto yangu?» Moto kwetu ni pikipiki, si wa kupikia.

«Moja ni ya tundu. Ya pili ni assurance.» Bima, yaani.

Lazima niseme haki: tairi liliacha kupungua. Wiki nzima limesimama wima. Papy akawa anapita kwangu hata kama hana shida, analipiga teke kidogo, anatabasamu, anaondoka.

Sasa ngoja niwaeleze kuhusu mama mkwe, maana bila hilo hamtaelewa jasho lililonitoka.

Kwetu mkwe tunamwita bukwe. Na mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono. Huli naye sahani moja. Humtazami machoni. Kuna familia siku hizi zimelegeza, lakini si Mama Georgette. Tangu nimuoe binti yake, mama huyu hajawahi kuniambia neno moja kwa moja. Hata tukiwa sebule moja anamwambia mke wangu, «Ambia bwana yako asogeze kiti,» na mimi nasogeza kiti, na mke wangu hajafungua hata mdomo.

Si chuki, wakuu. Ni heshima. Tena heshima nzuri tu, mradi mko chumba chenye watu.

Binti yake wa mwisho, Nadège, alikuwa anamaliza shule Mulungwishi, kwenye zile shule za misheni. Siku ya sherehe kila mhitimu anaitwa kwa jina, anapanda jukwaani na mzazi wake, wanapokea pamoja. Baba yao alishafariki. Na mama huyu, katika watoto wake wote, hakuna aliyefika mwisho wa shule. Mmoja alikatizwa na ndoa, huyo ni mke wangu, na mimi najua nafasi yangu katika hilo. Papy alikatizwa na Papy mwenyewe.

Nadège alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu, «Mama, bakiniita, nisipande peke yangu.» Mama Georgette alilirudia hilo neno kwa wiki nzima. Akashona hadi pagne mpya, kitenge cha bluu chenye maua meupe.

Mpango ulikuwa mzuri. Mke wangu na watoto walitangulia jana yake kusaidia mapishi. Mama apande gari la Papy asubuhi. Mimi niende na pikipiki yangu, nyuma yao, kwa raha zangu.

Asubuhi nikafika kwa mama. Papy yuko ndani ya suti, kichwa kimezama kwenye injini. Gari limekataa. Anapiga ufunguo, linakohoa, linanyamaza.

Mama amesimama mlangoni na mkoba wake, amevaa tayari, kilemba juu.

Papy akasema amtafutie manseba, ndivyo tunavyowaita vijana wa pikipiki za abiria.

«Bale batoto banakimbizaka sawa banafukuzwa na polisi,» mama akasema. «Siende na bo.»

Taxi ya njia ile mnaijua: inaondoka ikijaa, na inajaa ikipenda yenyewe.

Tukatazamana, mimi na Papy. Halafu mama, huku mimi nimesimama hatua chache tu kutoka alipo, akageuka kwa mwanae:

«Papy, uliza bukwe yangu kama moto yake inaweza kunibeba.»

Papy akanigeukia. Naona kabisa anauma midomo. «Docteur, Mama anauliza kama moto inaweza kumubeba.»

Nikatazama chini. «Ambia Mama, moto iko tayari.»

«Mama, moto iko tayari.»

«Nimesikia.»

Akapanda. Akaweka mkoba katikati yetu, ukawa mpaka wa nchi mbili. Akashika chuma cha nyuma, si mimi. Papy akatusindikiza hadi barabarani anapiga makofi, anaonyesha tairi: «Musiogope! Pneu iko na dawa!»

Wakuu, kuendesha na mama mkwe nyuma ni kama kubeba trei ya mayai ambayo inakutazama kisogo. Sijawahi kuendesha kwa adabu vile. Kila kona naonyesha ishara. Kila shimo nalisalimia.

Tukatoka mjini. Njia ile inayoelekea Kolwezi ina malori makubwa ya madini, yakipita unakula vumbi lako na la jirani. Nikasikia sauti nyuma yangu:

«Moto, camion inakuya nyuma.»

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaangalia kioo. Kweli, lori. Nikasogea pembeni, likapita.

Baada ya muda tena: «Moto, pale mbele kuna shimo.»

Ndiyo nikaelewa. Hakuna mke wangu, hakuna Papy, hakuna mtu wa katikati. Mama ameamua mtu wa katikati ni pikipiki.

Nikafanyaje? Nikajibu kwa heshima: «Moto imesikia, Mama.»

Na ndivyo tulivyokwenda. Akaiuliza moto kama imekula asubuhi. Moto ikajibu imekunywa chai. Akaiuliza kama wajukuu wake wanasoma vizuri. Moto ikasema mkubwa anasoma, mdogo anacheza. Akacheka kidogo, nikasikia. Kiukweli hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya na mama huyu, na mimi sikuwa hata mmoja wa wazungumzaji.

Mji ukawa umebaki mbali kabisa nyuma, nikahisi mkia wa pikipiki unayumba.

Mwanzoni kidogo. Halafu vizuri.

«Moto,» mama akasema, «unacheza ya nini? Tuko mu njia, hatuko mu fête.»

Nikapunguza, sikukanyaga breki kwa nguvu, nikaiacha isimame yenyewe ukingoni. Nageuka niiambie moto imwambie mama ashuke, mama keshashuka.

Nikaangalia. Msumari. Na si msumari wa kutundikia picha, ni ule mnene wanaopigilia mbao za karoseri ya malori. Umeingia katikati ya kashata ya tairi, na pembeni yake linatoka povu la kijani kama tairi limeng'atwa na nyoka.

Nikasema moyoni: Papy.

Lakini nikasema pia, haya, tuipe dawa yake nafasi. Nikauchomoa msumari, nikazungusha gurudumu tundu liwe chini ili maji yakusanyike pale. Ndivyo wanavyoelekeza kwenye chupa. Likatoka povu, likapungua, likakaribia kuziba. Nikaanza kuamini. Halafu pfff, likafumuka upya, na tairi likakaa chini kama mzee anayekaa kwenye kigoda.

Sasa nawaambia, kifua kilinipanda. Nilifurahi! Yaani tumekwama porini, mama mkwe amesimama juani, na mimi nafurahi kwa sababu dawa ya Papy imeshindwa. Nikafungua kiti, nikatoa kifuko changu cheusi. Zipu nikaivuta polepole ili isikike.

Mama akatazama. Hakusema na mimi wala na moto.

Nikachukua kekee, nikasafisha tundu. Nikapitisha mèche kwenye jicho la sindano. Nikapaka gundi. Nikashika T ya sindano kwa mikono miwili, nikasukuma.

Haikuingia. Kwenye video inaingia kama kisu kwenye papai. Hii yangu inateleza. Ule uji wa kijani umepaka kila kitu: tundu, sindano, gundi, viganja. Nikaegemea kwa uzito wote. Mkumbuke mimi si mtu mwenye mwili. Nikasukuma, nikasukuma, nikasikia plop.

Imeingia. Yote. Mèche nzima imezama ndani ya tairi, haikubaki hata ncha.

Nikabaki nimeshika sindano tupu.

«Moto,» mama akasema taratibu, «sasa umekula kabisa.»

Wakati huo huo simu yake ikalia. Nadège. Mama akapokea, na ile sauti ya msichana ilikuwa inatoka kwenye simu hadi kwangu: «Mama, muko wapi? Banaanza kuimba. Kisha nyimbo banaita majina.»

«Tuko mu njia, mama. Tuko karibu.»

«Karibu wapi?»

«Karibu, nakuambia. Simama muzuri, nyoosha robe yako.»

Akakata. Hatukuwa karibu na kitu chochote. Kulikuwa na nyasi, barabara na mimi.

Nikamwona anatazama ile barabara upande wa Mulungwishi. Hakulia, si mtu wa hivyo. Lakini alishika ule mkoba kwa mikono miwili kama mtu anayeshika usukani wa gari ambalo halipo. Hapo utani wote ukaniisha. Nikawaza, huyu mtoto atapanda peke yake, na itakuwa ni kwa sababu ya mimi na Papy kubishana nani bingwa wa matundu.

Nikainama kutafuta mèche nyingine. Naangusha vitu.

Halafu mkoba ukawekwa kwenye nyasi, kando yangu. Mama Georgette akakaza pagne yake kiunoni, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo yake mpya, upande wa pili wa gurudumu.

«Bukwe.»

Nikainua macho. Hakuwa anaiangalia moto. Alikuwa ananiangalia mimi.

«Bukwe, weye unafanya haraka sana. Mikono yako inateleza. Kwanza tupanguse.»

Nikasema, «Ndiyo, Mama.» Sauti ilitoka kama ya mtoto wa kipaimara.

Akatoa leso kwenye mkoba, leso nyeupe ya kufutia machozi ya sherehe, akanipa. Nikafuta tundu mpaka likakauka. Nikafuta sindano. Nikafuta vidole kimoja kimoja. Mèche safari hii nikaivuta hadi pande zote mbili zilingane, gundi nikapaka ya kutosha.

Nikaweka ncha. Nikasukuma. Bado ngumu.

«Sogeza,» akasema.

Na akaweka mikono yake juu ya yangu.

Wakuu, mnisamehe, hapa naandika taratibu. Kwetu hilo jambo halifanyiki. Mikono ya mama mkwe ni kitu unachokiona kwa mbali. Na mama huyu amekanda unga wa mikate miaka yote ya kusomesha watoto, ana mabega ya mtu aliyekanda unga. Akasema, «Moja kwa moja, usisimame,» tukasukuma pamoja. Sindano ikazama mpaka nikamwambia basi, Mama, tuache ncha nje. Nikazungusha kidogo, nikachomoa kwa mkupuo.

Mikia miwili ya mèche ikabaki nje, imesimama kama masikio ya sungura.

Tulicheka wote wawili. Halafu tukakumbuka sisi ni nani, tukaangalia pembeni.

Sasa upepo. Pampu sikuwa nayo, kit nzuri yote ile haina pampu, mjanja mimi. Lakini njia ile haikosi watu wa makala, wanaosukuma baiskeli zilizobeba mifuko ya mkaa mirefu kuliko wao. Akaja mmoja, mtu mzima, anatokwa na jasho. Tukamsimamisha. Alikuwa na pampu imefungwa kwenye fremu.

Akatutazama. Mama wa heshima, kilemba, magoti yamejaa vumbi. Jamaa mwembamba, kijani mpaka viwiko.

«Mama, huyu njo mutoto yako?» Njo ni «ndiye» yenu.

«Hapana. Njo bukwe yangu.»

Yule mtu akaegemeza baiskeli yake kwanza, akahakikisha haitaanguka, ndiyo akaanza kucheka. Akacheka hadi akajifuta macho.

Akapampu yeye mwenyewe. Tairi likainuka kidogo, halafu pampu ikagoma kabisa. Haiingii. Valvu imeziba kwa ile dawa. Nikasema hilo nalijua, nina ufunguo wake. Nikainama kufungua kile kimsumari cha ndani ya valvu. Mama naye akainama aone.

Hapa ndipo pa kujifunza, kwa hiyo someni vizuri. Valvu ilikuwa chini. Dawa yote ya Papy, ile ya tundu na ile ya assurance, ilikuwa imekusanyika pale pale chini, na juu yake kuna upepo unaoisukuma.

Nikazungusha ufunguo.

PSHAAA!

Mimi ilinipita sikio. Ikampata mama. Kilemba, shavu, bega, yale maua meupe yote ya pagne yakapata majani.

Yule mtu wa makala akafumba macho kama anaomba.

Mimi nilibaki nimechuchumaa, naangalia ardhi, natafuta pa kuingia. Niliwaza kwenda kuishi Kolwezi. Niliwaza Zambia.

Mama akajipangusa jicho kwa kidole. Akakiangalia kile kidole.

«Papy alisema iko na dawa,» akasema. «Sasa nimepata na minye.»

Na akaangua kicheko. Kile cha kutoka tumboni, cha kushika magoti. Yule mtu wa makala akaachia chake alichokuwa amekibana. Mimi nikacheka mwisho, na nilicheka karibu na kulia.

Tukazungusha gurudumu valvu ikawa juu. Nikakisafisha kile kimsumari kwa maji ya kunywa ya yule mtu wa makala, nikakirudisha. Pampu ikaingia safi. Nikatema mate kwenye mèche kuangalia: vipovu vidogo sana, pembeni. Bado inavuja. Lakini tukazungusha tena ili tundu liwe chini, na ile dawa iliyobaki ikaja, ikatoa tone moja la kijani kando ya mèche, likaganda. Nikatema tena. Hakuna kipovu.

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Mèche iliziba tundu kubwa, na uji wa Papy ukamalizia kilichobaki. Imeniuma kuandika hiyo sentensi.

Nikakata masikio ya sungura, nikaacha kidogo nje. Mama akamwaga shukrani kwa yule mtu, akamwombea mpaka kwa wajukuu. Tukapanda.

Alishika mabega yangu. Mkoba akauweka mgongoni kwake.

Niliendesha polepole, tairi lililozibwa njiani si la kukimbiza, na nyuma yangu naambiwa moja kwa moja: «Bukwe, pole pole lakini usilale.»

Tukaingia Mulungwishi, nyimbo zimeshakwisha, tunasikia majina kwenye spika. Sijasimama vizuri yeye keshashuka, anatembea ule mwendo wa kina mama usio mbio lakini humshiki. Nikamfuata.

Wakamwita Nadège. Tukamwona anapanda ngazi peke yake, shingo imegeukia getini. Mkuu wa shule anasubiri na karatasi mkononi, anauliza kama kuna mzazi.

«Niko hapa!»

Watu wote wakageuka. Mama Georgette anapita katikati ya viti, kilemba kimeinama upande, vumbi magotini, kijani kuanzia shavuni hadi kiunoni. Nadège pale juu akaziba mdomo. Sijui alikuwa analia au anacheka, nadhani na yeye hajui.

Mkuu wa shule, mtu wa adabu, akamsogezea kipaza sauti: «Mama, weye njo muzazi?»

«Minye njo mama yake.» Akavuta pumzi. Halafu akanyoosha mkono, kidole kikanitafuta kati ya watu kikanipata. «Na ule kule mwenye mikono ya kijani njo bukwe yangu. Njo alinifikisha.»

Ukumbi mzima ukanitazama mikono. Nikaificha nyuma kama mwizi.

Mke wangu, aliyekuwa amesimama na sufuria pembeni, hakuangalia jukwaa kabisa. Alikuwa ananiangalia mimi, mdomo wazi. Baadaye alinivuta kando: «Mulifanya nini mu njia na Mama?»

Nikamwambia, «Pneu ilitoboka.»

Akasema, «Pneu haiwezi kufanya vile.»

Halafu yakaja yale ya kumwagia mhitimu poudre, poda nyeupe, kama kawaida yetu. Nadège alimkumbatia mama yake kabla haijatulia, na wakuu, poudre juu ya ile dawa haitoki. Picha za siku ile mama yuko kama keki. Ameitundika moja ukutani, kubwa, mlangoni kabisa.

Sasa mambo ya ufundi kabla sijaitwa.

Dawa ya maji si mbaya. Kwa tundu jembamba, mwiba, kimsumari, inafanya kazi na hutajua hata kama ulitobolewa. Lakini mimina kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, assurance ya Papy ni ugonjwa mwingine. Tundu nene halizibi peke yake. Pembeni mwa tairi, pale panapojikunja, usitegemee dawa wala mèche, badilisha tairi. Mèche ni ya tubeless tu. Mwenye tyubu ukichomeka mèche umetoboa kwa gharama yako, wewe toa tyubu ukabandike. Kausha tundu kwanza. Acha mkia nje. Na valvu, nawaomba, valvu iwe JUU kabla hujaigusa, na watu unaowaheshimu wakae mbali.

Ikishakufikisha, nenda kwa fundi likabandikwe kiraka kwa ndani. Mimi nilikwenda. Alipolibandua tairi akaruka nyuma, akaniuliza nimefuga nini humo. Alilisugua muda mrefu kabla kiraka hakijakubali kushika, na alinitukana kwa lugha ninazozijua na nisizozijua.

Kuhusu Mama Georgette: nyumbani tumerudi kwenye utaratibu. «Ambia bwana yako asogeze kiti.» Nasogeza. Sitaki ubadilike, ndivyo inavyofaa.

Ila juzi alimpigia mke wangu, kwamba Jumamosi anataka kwenda Buluo kumwona dada yake. Mke wangu akamwambia vizuri sana, gari la Papy limeshapona, litampeleka.

Mama akajibu, «Sikuuliza gari.»

Basi wakuu, jukwaa lenu. Mwenye uzoefu wa dawa na mèche kwenye tairi moja aseme, lilidumu? Na madoa ya hiyo kitu kwenye pagne yanatolewa na nini, maana tumejaribu sabuni zote za Likasi.

Nyongeza: naona kuna ID mpya imefunguliwa leo, imeshaandika comment tatu mfululizo kuitetea dawa ya chupa na kusema mleta uzi hajui kutumia sindano. Shemeji, karibu jukwaani. Gari umelizima lakini? Lisije likakataa tena kuwaka.